Sindano za mzio kwa miaka mitatu: utarajie nini

SWALI: Asalaam aleikum, daktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mombasa, umri wangu miaka 36. Mafua hayaniishi mwaka mzima. Nikiamka napiga chafya mfululizo, usiku pua inaziba, macho yanawasha, na tangu mwaka juzi kifua kimeanza kubana hadi nikapewa dawa ya kuvuta. Nikizidiwa naenda kliniki ya jirani nachomwa sindano ya aleji, kesho yake niko mzima, lakini wiki chache baadaye narudi palepale. Sasa daktari wa pua na koo anataka niende Nairobi nikapimwe, kisha nianze sindano za kuuzoesha mwili, tena kwa miaka mitatu! Zina tofauti gani na hizi ninazochomwa? Zinaponya? Zina hatari? Nimesikia pia kuna vidonge. Na siku hizi nikila kamba midomo inaniwasha, je, tiba hiyo itanisaidia na hilo?

JIBU: Waaleikum salaam, mwalimu. Nianze na hiyo sindano ya kliniki ya jirani, maana ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko tiba unayoiogopa.

Sindano inayokausha mafua ya mzio kwa siku moja na kukuacha salama kwa wiki kadhaa, karibu kila mara ni steroidi: deksamethasoni, haidrokotisoni, au zile za kukaa mwilini muda mrefu kama triamsinoloni, pengine pamoja na piritoni. Haina undugu wowote na tiba uliyoshauriwa. Steroidi hunyamazisha kinga ya mwili mzima, na nguvu yake ikiisha mzio uko palepale ulipouacha. Kuchomwa mara moja kwa dharura hakuna neno. Kuchomwa kila ukizidiwa kunapandisha sukari na presha, kunadhoofisha mifupa, na tezi zinazotengeneza homoni ya aina hiyo mwilini huanza kulegea kazi. Kwa hiyo kabla ya jambo lingine lolote, rudi pale ukaandikiwe jina la dawa uliyochomwa na tarehe zake, na karatasi hiyo uende nayo Nairobi.

Tiba uliyoshauriwa inafuata njia ya kinyume. Haizimi kinga. Inaupa mwili kitu kilekile unachokikataa, kwa kiasi kidogo mno mwanzoni, kisha kiasi kinaongezwa hatua kwa hatua mpaka mwili uache kukigombania. Si jambo la juzi: daktari Leonard Noon wa hospitali ya St Mary's, London, alichapisha matokeo yake mwaka 1911 katika jarida la The Lancet, akiwachoma wagonjwa wa mafua ya msimu maji yaliyotengenezwa kwa chavua za nyasi. Noon alifariki 1913, na mwenzake John Freeman akaiendeleza kazi. Yaani tiba hii ni kongwe kuliko penisilini.

Ndani ya mwili mambo huenda hivi. Una kingamwili za aina ya IgE zilizotengenezwa dhidi ya protini fulani, nazo zimejibandika juu ya seli za kwenye pua, macho na njia za hewa. Protini hiyo ikigusa tu, seli zinamwaga histamini, na wewe unaanza chafya. Dozi ndogondogo zinazorudiwa hupunguza kwanza wepesi wa seli hizo kufyatuka. Baadaye, na hili huchukua miezi, zinaongezeka seli za kinga ambazo kazi yake ni kutuliza, na mwili unatengeneza kingamwili za aina nyingine, IgG4, zinazoidaka protini kabla haijaifikia IgE. Cha kushangaza wengi ni kwamba IgE kwenye damu inaweza kupanda kidogo miezi ya mwanzo, na kipimo cha ngozi kinaweza kubaki na alama hata kwa mtu ambaye pua yake imetulia kabisa. Usije ukalia juu ya karatasi ya maabara. Tiba hii inapimwa kwa jinsi unavyolala na unavyopumua.

Sasa vipimo, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa tiba nyingi huharibikia hapa hata kabla ya sindano ya kwanza. Kipimo cha ngozi ni chepesi: matone ya vitu mbalimbali yanawekwa upande wa ndani wa mkono, kila tone linadungwa kidogo juujuu, mnangoja dakika 15 hadi 20. Palipo na mzio panatokea kiuvimbe kama cha mbu. Kikizidi kile cha tone la maji ya chumvi, linalowekwa kwa kulinganisha, kwa milimita 3 au zaidi, jibu ni ndiyo. Vidonge vya mzio kama setirizini na loratadini viache wiki nzima kabla ya kupimwa, la sivyo ngozi itakaa kimya na nauli yako itakuwa imepotea. Piritoni nayo iache siku kadhaa kabla, na uangalie dawa za mafua za dukani, maana nyingi zina piritoni ndani bila jina hilo kuonekana mbele ya pakiti. Dawa ya kuvuta ya pumu na ya kupuliza puani usiziache. Kama ngozi haifai kupimwa, kuna kipimo cha damu kinachotafuta IgE ya kitu kimoja kimoja, na hicho hakijali umemeza nini.

Lakini kipimo kusema ndiyo si sawa na kuumwa. Watu wengi ngozi zao hujibu kitu ambacho hakijawahi kuwaletea hata chafya moja. Ukikabidhiwa karatasi yenye alama kwenye nyasi, paka, mende, kuvu, mahindi na karanga, halafu ukaambiwa vyote vitatiwa kwenye chupa moja, uliza maswali. Vyakula havina nafasi katika sindano hizi. Kuhusu vingine, madaktari wa Marekani huchanganya vitu kadhaa, wa Ulaya hupendelea kutibu kimoja au viwili. Mimi niko upande wa Ulaya, kwa sababu ushahidi wenye nguvu umetokana na dozi ya kutosha ya kitu kimoja kinachojulikana, na kila unachoongeza chupani kinaweza kupunguza nafasi ya kile kinachokuumiza kweli. Kwa mende na kuvu, dawa zilizopo ni dhaifu na ushahidi wake ni mwembamba.

Kwa maelezo yako, mshukiwa wangu wa kwanza ni utitiri wa vumbi. Mafua ya mwaka mzima, yanayozidi usiku kitandani na unapoamka, mara nyingi ni yeye. Chaki inachokoza pua iliyokwisha kuvimba, ila si yenyewe iliyoanzisha ugomvi. Utitiri huu ni mdogo kiasi cha theluthi moja ya milimita, haumi, unakaa kwenye magodoro, mito na makochi na kula magamba ya ngozi yetu. Tunachokivuta na kuumwa nacho ni kinyesi chake hasa. Haunywi maji, unafyonza unyevu wa hewani, na ndiyo maana pwani ni nyumbani kwake.

Kuna jambo ambalo mtu wa pwani anapaswa kuliuliza na wengi hawaliulizi. Utitiri wa vumbi una aina zaidi ya moja. Dermatophagoides pteronyssinus na Dermatophagoides farinae ndizo zinazojulikana duniani kote, na ndizo zilizomo kwenye vidonge na karibu dawa zote za viwandani. Nchi za joto zina mwingine, Blomia tropicalis, ambaye protini zake hazifanani vya kutosha na za hao wawili. Mtu ambaye tatizo lake ni Blomia peke yake anaweza kutibiwa Dermatophagoides miaka mitatu bila kuona kitu. Kwa hiyo waombe wakupime zote, na majibu yakija uliza waziwazi: je, dawa mtakayonipa ina kile kilichonijibu mimi?

Kisha lije suala la kama unafaa. Pumu yako ndiyo itakayoamua. Mtu ambaye kifua kinabana kila wiki, anaamka usiku akikohoa, au anategemea pampu ya bluu, ile dawa ya kuvuta ya kufungua kifua haraka, kila siku, hachomwi. Kwanza pumu itulizwe kwa dawa ya kuvuta yenye steroidi, itumike kila siku hata ukiwa mzima, ndipo mazungumzo ya sindano yaanze. Steroidi hiyo ya kuvuta, na ile ya kupuliza puani kama flutikasoni au mometasoni, usiichanganye na ile ya sindano niliyoilaumu hapo juu; dozi yake ni ndogo na inaishia inapohitajika. Tena nitakuuliza: umewahi kuitumia ya puani kila siku kwa miezi miwili mitatu, kwa kuielekeza upande wa sikio badala ya katikati ya pua? Wapo wanaofikiri imewashinda kumbe waliipuliza siku nne wakaiacha. Ikiwa hujaijaribu sawasawa, ijaribu sasa huku ukisubiri miadi ya Nairobi.

Mwambie daktari dawa zote unazotumia, hasa za presha. Zile za kundi la atenololi na propranololi zinaweza kuizuia adrenalini, dawa ya kuokoa maisha mzio ukilipuka mwili mzima, isifanye kazi siku ukiihitaji, na hata matone ya macho ya timololi yamo kundini. Ujauzito nao: tiba haianzwi mwanamke akiwa mjamzito, lakini ukishika mimba ukiwa umekwisha kufika dozi kamili na inakukubali, unaweza kuendelea bila kuongezewa. Kama unapanga mtoto mwaka huu, sema mapema ili ratiba ipangwe kwa hilo.

Siku ya sindano yenyewe haitishi. Utaulizwa hali ya kifua na kama una homa, utapuliza kifaa cha kupima nguvu ya pumzi, kisha unachomwa chini ya ngozi, nyuma ya mkono wa juu, kwa sindano nyembamba kama ya insulini. Ukiwa na homa au kifua kimebana, unarudishwa, na usijisikie vibaya wala usifiche ili safari isiende bure. Baada ya hapo unakaa dakika 30 kwenye benchi ukionekana. Siyo nusu saa ya kwenda kununua maji ng'ambo ya barabara. Athari kubwa nyingi hujitokeza ndani ya muda huo, na dawa yake ni adrenalini inayochomwa kwenye msuli wa paja, nusu miligramu kwa mtu mzima, papo hapo. Mazoezi makali yaache kwa saa mbili kabla na baada.

Utarajie mkono kuwasha na kuvimba mahali pa sindano, wakati mwingine uvimbe wa ukubwa wa kiganja unaotokea jioni. Barafu na kidonge cha setirizini vinatosha. Uvimbe mkubwa wa mkono hausemi kwamba safari ijayo utazimia. Utaje tu ukirudi. Baadhi ya watu hupiga chafya au kuchoka siku hiyo.

Hatari ya kweli ni athari ya mwili mzima: vipele na mwasho mwilini, kifua kubana, koo kukaza, kizunguzungu, presha kushuka. Takwimu za Marekani, zilizokusanywa kwa miaka mingi, zinaonyesha hutokea takriban mara 1 katika kila ziara 1,000 za sindano, na nyingi ni nyepesi. Vifo ni nadra sana, lakini vimewahi kutokea. Uingereza ilizibana sana sindano hizi mwaka 1986 baada ya kamati ya usalama wa dawa kuhesabu vifo 26 tangu 1957, na wengi wa waliofariki ambao ugonjwa wao ulijulikana walikuwa na pumu. Ndiyo sababu nimeng'ang'ania kifua chako. Ndiyo sababu pia sindano hizi hazichomwi nyumbani, wala duka la dawa, wala kliniki isiyo na adrenalini mkononi na mtu aliyewahi kuitumia.

Sasa miaka mitatu. Miezi mitatu hadi sita ya kwanza ni ya kupandisha dozi: unachomwa mara moja au mbili kwa wiki, kila mara kidogo zaidi. Ukifika dozi kamili, unachomwa kila baada ya wiki nne hivi, na huo ndio mwendo wa muda uliobaki. Kipindi cha kupandisha ndicho kinachovunja watu moyo. Pua bado inaziba, piritoni bado ziko kwenye mkoba, mkono unawasha, na nauli inakwenda. Hakuna kilichoharibika, nafuu kwa kawaida huanza kuonekana karibu na kufika dozi kamili, au miezi michache baada ya hapo. Weka daftari. Kila Jumapili andika wiki hiyo umeamka na chafya siku ngapi, umemeza piritoni ngapi, umevuta pampu mara ngapi. Kumbukumbu hudanganya: mtu aliyepata nafuu ya nusu husahau alivyokuwa, na aliyepigwa na mafua ya virusi wiki iliyopita huapa kuwa tiba haifai. Ukikaa mwaka mmoja kwenye dozi kamili na daftari halionyeshi tofauti yoyote, daktari mwaminifu atakuambia uache.

Kwa nini usiache mwaka wa pili ukiwa umepata nafuu? Kwa sababu swali hilo limepimwa. Utafiti wa Durham na wenzake uliochapishwa 1999 katika New England Journal of Medicine ulifuatilia watu waliochomwa sindano za chavua za nyasi kwa miaka mitatu hadi minne kisha wakaacha: nafuu ilibaki nao kwa miaka mitatu ya kufuatiliwa baada ya kuacha. Kisha watafiti wa London wakajaribu kufupisha. Jaribio lililochapishwa 2017 katika JAMA, lenye watu 106, liliwapa watu miaka miwili tu, wengine sindano na wengine vidonge. Mwaka mmoja baada ya kuacha hawakuwa na tofauti na waliopewa dawa bandia. Zote mbili ni za nyasi, si utitiri, lakini ndizo zinazonifanya nikuambie kwamba ukijua moyoni huwezi kufika mwaka wa tatu, ni heri usianze, ubaki na dawa ya puani ambayo ni nafuu na inafanya kazi yake.

Unauliza kama inaponya. Wachache husahau kabisa kwamba waliwahi kuumwa. Wengi wa wanaonufaika hupungukiwa na dalili na dawa kwa kiasi kinachobadilisha maisha yao, huku siku mojamoja za vumbi jingi bado zikiwakumbusha. Wachache hawapati chochote. Mzio wa sumu ya nyigu na nyuki ndio unaoitikia kuliko yote. Wa utitiri uko katikati. Nafuu ikipatikana kwa miaka mitatu kamili hudumu miaka kadhaa, na ikirudi nyuma tiba inaweza kurudiwa. Habasoda na asali endelea nazo ukipenda, ila zisichukue nafasi ya pampu.

Vidonge ulivyosikia vipo, na kwa mtu wa Mombasa anayetibiwa Nairobi vinastahili kufikiriwa kwa makini. Ni vya kuweka chini ya ulimi kila siku, kwa miaka ileile mitatu. Cha kwanza unakitumia mbele ya daktari na kukaa nusu saa. Vinavyofuata unatumia nyumbani. Kidonge kinayeyuka haraka, humezi mate kwa dakika moja, huli wala hunywi kwa dakika tano. Wiki za kwanza mdomo, koo na hata masikio yatawasha, midomo inaweza kuvimba kidogo, halafu hupungua. Athari kubwa ni nadra kuliko za sindano. Ukiwa na kidonda mdomoni au umeng'olewa jino, unasimama mpaka papone. Kumeza kukiwa kwa shida, au kiungulia kisichoisha kikianza, acha na umwone daktari.

Kidonge cha utitiri kinauzwa Ulaya kwa jina Acarizax na Marekani kwa jina Odactra, ambako kiliidhinishwa 2017. Kina ushahidi upande wa pumu pia: jaribio la 2016 katika JAMA, lenye watu wazima 834 wenye pumu na mzio wa utitiri, lilionyesha kwamba waliokitumia walichelewa kushambuliwa na pumu steroidi yao ya kuvuta ilipopunguzwa. Mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, unakitaja kwa watu wazima wenye mafua na pumu ya utitiri ambao nguvu ya mapafu yao inazidi asilimia 70 ya inayotarajiwa. Wewe unaweza kuwa mmoja wao. Udhaifu wake ni nidhamu. Kidonge cha kila siku ambacho hakikupi nafuu ya haraka husahaulika, na hakuna muuguzi wa kukuona hujaja. Kuna pia matone ya chini ya ulimi. Hayo ubora wake hutofautiana mno, basi uliza jina la kiwanda na kiasi cha dawa ndani yake. Ukijibiwa kwa mafumbo, usinunue.

Ukichagua sindano, maliza suala la safari kabla ya kusaini. Kwenda Nairobi kila wiki kwa treni kwa miezi kadhaa si mpango, ni adhabu. Uliza kama wana aina zilizotengenezwa ili dozi kamili ifikiwe kwa sindano chache, na kama baada ya hapo unaweza kuendelea katika hospitali ya Mombasa yenye daktari aliye tayari na adrenalini, kwa barua inayoeleza dozi, tarehe na la kufanya ukichelewa. Chupa inakaa kati ya nyuzi 2 na 8, haigandishwi, na haisafiri mkobani kwenye joto la Mombasa bila kisanduku cha barafu. Ukikosa miadi usifidie kwa kujichoma zaidi. Ukichelewa kidogo dozi inarudiwa, ukichelewa sana inashushwa, na baada ya miezi kadhaa unaanza upya. Kampuni ya bima waandikie barua pepe kabla, ukitaja jina la dawa na miaka mitatu, ujibiwe kwa maandishi. Jibu la simu halisaidii mwaka wa pili.

Huku nyuma, godoro na mito vivalishwe mifuko ya kuzuia utitiri ikiwa inapatikana, mashuka yafuliwe kila wiki kwa maji ya nyuzi 60, zulia la chumbani litoke. Peke yake huwa halitoshi, lakini linapunguza mzigo.

Kuhusu kamba, umefanya vyema kutaja. Kuna protini iitwayo tropomiosini iliyomo kwenye misuli ya kamba, kaa, mende na utitiri pia, nayo inafanana kiasi kwamba IgE iliyotengenezwa kwa utitiri wakati mwingine humtambua kamba. Hilo linaweza kueleza midomo kuwasha. Lakini unaweza pia kuwa na mzio wa kamba wenyewe, ambao huja na vipele, kutapika au kifua kubana, na kwa mtu mwenye pumu huo si wa kuchezewa. Tiba ya utitiri si tiba ya kamba, usiitegemee kwa hilo. Mwombe daktari akupime kamba sambamba na utitiri, na mpaka majibu yatoke usile kamba, kaa wala uduvi uliotiwa kwenye mchuzi, na usijijaribu nyumbani ili kuona itakuwaje. Ikiwa umewahi kubanwa kifua baada ya kuvila, liseme kabla hujafanyiwa lolote.

Najua utauliza kuhusu Ramadhani, basi nijibu kabisa. Kidonge kipange usiku tangu mwanzo wa tiba, wakati wa kulala au kabla ya daku, ili mwezi ukiandama usibadilishe chochote. Ukikitumia wakati wa daku, kitangulie mlo. Sindano, panga miadi jioni baada ya futari kama hospitali inaruhusu, na kama haiwezekani muulize shehe wako hukumu yake. Kwa upande wangu sharti ni moja: ukipata athari, unachomwa adrenalini na kuwekewa maji ya mshipa saa hiyohiyo, na siku hiyo utailipa baadaye.